Kidonda Kilichokauka Chenyewe

Kila Jumamosi Leimara hupika laplap ya Jumapili. Kazi huanza jua linapochomoza. Hukwaruza kiazi kikuu mpaka kiwe uji mzito. Uji huo huufunga ndani ya majani ya mgomba pamoja na tui la nazi, kisha huufukia kwenye mawe ya moto. Mama mkwe wake, Bibi Toumata, hukaa pembeni akisuka mkeka wa mkadi. Mikono yake husuka, mdomo wake husimamia.

"Hicho kiazi umekikwaruza au umekitekenya tu?" bibi aliuliza asubuhi hiyo. "Mabonge nayaona kutoka hapa."

"Macho yako bado mazima, mama. Njoo ukwaruze wewe."

"Nimekwaruza miaka hamsini, mwanangu. Sasa zamu yangu ni kula."

Leimara alicheka. Akamwita binti yake aliyekuwa nje. "Dorika! Lete majani ya mgomba, haraka!"

Dorika ana miaka minane. Siku zote ukimwita huja mbio hata kuku wakatawanyika. Siku hiyo alikuja taratibu, akichechemea.

"Una nini?" mama yake aliuliza.

"Mguu unauma."

"Umejikwaa?"

"Hapana. Unauma ndani, mama. Ndani kabisa."

Leimara alifuta mikono, akapapasa muundi wa mtoto. Mfupa ulikuwa umevimba kidogo. Dorika akauvuta mguu wake. Juu ya muundi huo kulikuwa na kovu la mviringo, jeupe. Leimara alilitazama kovu hilo. Alimtazama Bibi Toumata, lakini bibi alikuwa ameinamia mkeka wake. Leimara akanyamaza.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kovu lile lilikuwa na habari ndefu.

Mwaka uliopita, wakati wa mavuno, nguruwe wa Masoe alivunja ua wa shamba la Kalorip. Kalorip ni mume wa Leimara. Masoe ni kaka wa Kalorip, mtoto wa kwanza wa Bibi Toumata. Nguruwe huyo alikula viazi vikuu vilivyotengwa kwa ajili ya chifu. Kalorip alimkuta, akamkata kwa panga. Masoe alipouona mzoga alimwita mdogo wake muuaji. Kalorip akamjibu kaka yake kuwa anafuga wezi. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Nyumba zao zimepakana. Mtu akipiga chafya kwa Masoe, kwa Kalorip wanasikia. Miezi mingi ilipita, watu wakapiga chafya, na hakuna aliyemwambia mwenzake "afya".

Katika miezi hiyo Dorika akaota kipele kwenye muundi. Kipele kikawa kidonda kikubwa kama kizibo cha chupa. Juu yake kulikuwa na chembechembe nyekundu na ganda la njano. Hakikumuuma, kwa hiyo mtoto aliendelea kucheza. Leimara alikiosha kwa maji ya chumvi. Alikifunga kwa majani. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Kidonda kikabaki palepale.

Ndipo Bibi Toumata alipowaita wanawe wote wawili. "Damu moja imegombana," aliwaambia, "na mtoto ndiye anayeumia. Mnataka afe ndipo mzungumze?"

Hivyo ndivyo tunavyoamini kisiwani kwetu tangu zamani. Ndugu wakigombana, mtoto huugua.

Basi ndugu wale walipatana mbele ya watu wote, kwenye uwanja wa nakamali ambako wanaume hukaa pamoja kunywa kava, kinywaji cha mizizi. Walibadilishana mikeka ishirini, viazi vikuu na nguruwe wawili wazima. Masoe alilia. Kalorip alilia zaidi. Watoto wa nyumba hizo mbili, waliokuwa wamekatazwa kucheza pamoja, walirukiana na kubingirishana kwenye nyasi mpaka jioni.

Wiki tatu baadaye kidonda kilikauka. Hakuna dawa, hakuna sindano.

"Mmeona?" Bibi Toumata alimwambia kila aliyepita njiani. "Mmeona?"

Ndiyo maana Leimara alinyamaza. Angesemaje kwamba mguu uleule unauma tena?

Kesho yake mwanya wa kusema ulipatikana. Tangazo lilisomwa kanisani. Wahudumu wa afya watafika kijijini Alhamisi na dawa ya buba. Watu wote wameze, wenye vidonda na wasio navyo.

"Nyumba yangu haimezi," Kalorip alisema walipokuwa wanakula.

"Kwa nini, baba Dorika?"

"Unaniuliza? Mtoto si alipona? Kaka yangu alilia mbele ya chifu. Mimi nililia. Kidonda kikakauka. Leo nikapange foleni nimeze dawa ya kidonda kilekile? Kaka ataniuliza, 'Kumbe machozi yako yalikuwa ya kuigiza?' Nitamjibu nini?"

"Lakini mtoto anachechemea."

"Ameanguka mtini."

"Mwezi mzima hajapanda hata mti mmoja."

"Basi ameanguka chini!" Kalorip alisema, akanyanyuka.

Leimara alimwelewa mumewe. Kalorip si mtu mbaya, wala si mjinga. Aliteseka sana miezi ile ya kununiana na kaka yake. Alikonda. Sasa aliishika amani kama mtu aliyebeba yai. Lakini Leimara alikuwa mama. Jumatatu aliona vipele viwili vipya kwenye kiwiko cha Dorika, na usingizi ukamkimbia.

Jumanne mambo yakaharibika zaidi. Bibi Toumata alirudi kutoka nyumba ya Masoe amekunja uso.

"Obedi ana kidonda," alisema. Obedi ni mtoto wa mwisho wa Masoe, ana miaka mitano. "Mkononi. Kama kile cha Dorika, ganda na vyote."

Kalorip aliacha kuchonga mti wake wa kuchimbia. "Kidonda? Sisi si tumepatana?"

"Watu wanasema kuna moyo mmoja haujasafika."

"Wa nani? Wangu mimi?"

"Masoe naye ameuliza hivyohivyo," bibi alijibu, akaketi kwa uzito.

Kalorip alitazama upande wa nyumba ya kaka yake. "Kumbe alipokea mkono wangu huku ana kinyongo," alisema polepole. "Ndiyo maana kimerudi kwake."

Jioni ile watoto wa Masoe waliitwa kwao mapema. Asubuhi hakuna aliyepita kwenye njia iliyo kati ya nyumba mbili. Leimara alisimama mlangoni, akaogopa. Aliona vitu viwili vinamponyoka kwa pamoja: mguu wa mwanawe na amani ya nyumba yake. Akamshika Dorika mkono, wakaenda zahanati.

Nesi Vira alikuwa anafagia baraza. Si mzaliwa wa kwetu, ametoka visiwa vya kaskazini, lakini amekaa miaka tisa na anajua kila mtoto kwa jina.

"Dorika! Leo unatembea kama bibi yako," nesi alisema. "Hebu kaa."

Alipapasa muundi. Alivitazama vipele vya kiwikoni. Akamchoma Dorika kidole kidogo, akatia tone la damu kwenye kipimo. Baada ya dakika chache mistari ilitokea.

"Ni buba," alisema.

"Haiwezekani," Leimara alijibu. "Kidonda kilikauka chenyewe. Hatukumpa chochote."

"Kilikaa muda gani kabla ya kukauka?"

"Karibu miezi minne."

"Ndivyo buba ilivyo, dada. Kidonda cha kwanza hukaa miezi mitatu, minne, hata sita. Kisha hukauka chenyewe. Mwili hupigana nacho, ngozi ikafunga. Watu wakashangilia. Lakini vijidudu havijafa. Vimejificha ndani ya mwili, hata kwenye mifupa."

Leimara alitikisa kichwa. "Ngozi imepona, nesi. Nimeiona kwa macho yangu."

Nesi Vira aliketi karibu naye. "Wewe unalima viazi vikuu. Majani ya kiazi yakikauka shambani, unasema kiazi kimekufa?"

Leimara akacheka bila kupenda. "Yakikauka ndipo naenda kuchimba. Kiazi kiko chini, kimenenepa."

"Basi buba ni hivyo. Juu pamekauka. Chini ipo."

Leimara aliacha kucheka. Alimvuta Dorika karibu. "Atalemaa?"

"Sitakudanganya wala kukutisha," nesi alisema. "Watoto wengi vijidudu hivyo havitawadhuru tena. Lakini kama mtoto mmoja katika kumi, asipotibiwa, miaka mingi baadaye mifupa hupinda au pua huharibika. Nani? Hatujui. Dorika bado ni mapema. Akimeza dawa sasa, maumivu yataisha na mfupa utapona."

"Na Obedi? Kwa nini kimemtokea yeye, na baba zao wamepatana?"

"Siku ya mapatano, kidonda cha Dorika kilikuwa kibichi?"

"Kilikuwa kibichi."

"Na watoto walicheza pamoja?"

Leimara alikumbuka watoto wakibingirishana kwenye nyasi. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Buba hupita ngozi kwa ngozi," nesi alisema kwa upole. "Haihitaji kinyongo cha mtu. Obedi aliipata kwa kucheza na dada yake, basi."

"Kwa hiyo mikeka yetu ilikuwa bure? Tungebaki tumenuniana, kidonda kingekauka tu?"

"Kingekauka tu. Lakini niambie, kabla ya mikeka mlikuwa mnasalimiana?"

"Hata chafya hatukujibiana."

"Na baada yake?"

"Watoto walikuwa wanakula nyumba yoyote waliyokuta chungu."

"Basi mikeka ilitibu ugonjwa wake. Huu mwingine una dawa yake. Inamezwa mara moja tu, kwa kipimo cha umri na mwili wa mtu. Inashushwa kesho kutoka uwanja wa ndege. Lakini sikia, dada. Nikimtibu Dorika peke yake haitoshi. Anaweza kuambukizwa tena na mtu mwenye kidonda. Na mtu anaweza kuwa na buba ndani, ngozi yake safi kabisa, kesho ikaibuka. Ndiyo maana tunataka nyumba zote. Nyumba yako na ya shemeji yako."

Leimara hakurudi nyumbani. Alipita njia ile ambayo tangu asubuhi hakuna aliyeipita, akaenda moja kwa moja kwa Masoe. Alimkuta anavunja nazi za kulisha nguruwe. Masoe hakuinua macho.

"Shemeji, hodi."

"Karibu. Mume wako amekutuma uje kutazama mkono wa mwanangu?"

"Sijatumwa. Akijua nimekuja atanuna wiki nzima. Unamjua ndugu yako."

"Namjua. Hata utotoni alinuna mpaka ndoo zikajaa mvua." Masoe alitaka kucheka, akajizuia. "Sema."

Leimara alimsogeza Dorika mbele. "Kabla hujauhukumu moyo wa ndugu yako, mtazame mwanawe," alisema. "Mpapase mguu, shemeji. Taratibu."

Masoe alifuta mikono, akapapasa. Dorika alikunja uso. Masoe akaondoa mkono kama aliyeshika moto.

Ndipo Leimara alipomweleza yote: kidonda, mfupa, nyasi, ngozi kwa ngozi. Masoe alisikiliza huku ameshika nazi ambayo hakuivunja.

"Kwa hiyo si kinyongo chake kilichomletea mwanangu kidonda," alisema mwishoni.

"Nani? Kalorip? Anakataa dawa kwa ajili yako. Anaogopa utasema machozi yake yalikuwa ya uongo."

Masoe aliketi chini. "Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Lo! Na mimi nimewaambia watu wangu hatumezi, kwa ajili yake." Alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Mama alizaa watu wawili, akili akagawa nusu nusu."

Alhamisi asubuhi Masoe alikuja na nyumba yake yote, mkewe na watoto watano, Obedi amembeba mgongoni. Walisimama mbele ya nyumba ya Kalorip.

"Toka nje," Masoe aliita. "Twende tukameze."

Kalorip alitoka. Aliwatazama wote, akamtazama mkewe, akaelewa nani alizungumza. Uso ukamvimba kwa hasira.

"Watu watasema amani yetu ni ya uongo," alisema.

"Ya uongo ni ile ya kuacha mfupa wa mtoto uharibike ili baba asione haya," Masoe alijibu. "Mdogo wangu, mimi sikulia kwa sababu ya kidonda. Nililia kwa sababu nilikukosa."

Kalorip alimgeukia mama yake, kama mtoto anayetafuta wa kumtetea.

Bibi Toumata alikuwa kwenye mkeka wake. Mikono yake ilikuwa imesimama. Ilikuwa nadra sana kuiona mikono hiyo imesimama.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Leipakoa. Hamkumjua ninyi. Kidonda chake kilikauka chenyewe. Kikarudi, wazee wakapatana, kikakauka. Mara tatu wazee walipatana. Mara tatu kilikauka. Alipokuwa msichana miguu yake ikapinda kama panga. Hakuweza kwenda shambani. Watu walisema ukoo wetu una roho mbaya, na sisi tuliamini. Mimi mwenyewe nilimuuliza, 'Una chuki na nani, wewe?' Mwenyewe nilimuuliza hivyo."

Bibi alijipangusa uso kwa ncha ya gauni lake.

"Mnangoja nini?" alisema. "Ninyanyueni. Twende."

Kalorip ndiye aliyemnyanyua. Kisha akachuchumaa, akampandisha Dorika mgongoni, akaondoka pamoja na kaka yake.

Kwenye foleni watu waligeuka kuwatazama. Ndugu wale wawili walisimama bega kwa bega, kila mmoja na mtoto mgongoni, na mnong'ono wote ukakosa pa kushika. Nesi Vira alianza na watoto. Wakubwa walipewa vidonge vinne kila mmoja. Bibi Toumata alivitazama vyake kwenye kiganja.

"Vinne tu? Mimi ni mzee, nipe sita."

"Vinne vinatosha, mama."

"Umenibania," alisema, akameza. Kisha akamshika nesi mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa Leipakoa, tulikosea sisi?"

"Hamkuwa na wa kuwaambia, mama," nesi alijibu. "Mlimfanyia mlichojua."

Siku hiyo Kalorip alipata kichefuchefu kidogo. Obedi aliharisha, kesho yake akawa mzima. Nesi alikuwa amewaambia mapema, kwa hiyo hawakushtuka. Haikufika wiki ya tatu kidonda cha Obedi kilikuwa kimefunga, na vipele vya Dorika vilinyauka. Mguu wake uliacha kuuma. Jumamosi moja Leimara aliita majani ya mgomba, na kuku wakatawanyika.

Baada ya miezi sita wahudumu walirudi kukagua kila nyumba. Kijijini hawakuona kidonda kibichi hata kimoja. Kijiji cha juu mama mmoja alimficha mwanawe ndani. Alisema hana haja ya dawa, kidonda kimepona chenyewe. Leimara alimpandia kilima kwa miguu yake mwenyewe.

"Kimepona chenyewe?" alimwambia. "Basi ndiyo sababu ya kwenda leo, dada yangu. Usingoje kesho."

Na wale ndugu wawili? Usidhani waligeuka malaika. Mwezi uliopita waligombana tena, safari hii kwa sababu ya mshelisheli. Kalorip aliukata mti uliokuwa mpakani, bila kuuliza. Masoe alipiga kelele mpaka kanisani wakasikia. Walinuniana siku mbili nzima. Watoto hawakuitwa ndani. Waliendelea kucheza katikati ya wanaume wawili wenye mashavu yaliyovimba, na hakuna mtu aliyekuja kuchungulia ngozi ya mtoto yeyote.

Siku ya tatu Masoe alivuka njia, mkononi ana shina la kava lenye udongo bado. Alisimama mbele ya mdogo wake, akakohoa.

"Tatizo ni kwamba sasa hatuna mtoto mgonjwa wa kutupatanisha," alisema. "Itabidi tupatane wenyewe."

Kalorip akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.